Zuhura Amelala Mpaka Alasiri

Nachingwea, Jumanne

Miaka hamsini nimeficha kwa nini nilimrudisha marehemu mke wangu kwao Ruangwa. Pumzi zinaniishia, na leo furaha imenipa ujasiri wa kuandika.

Mjukuu wangu Zuhura ana mtoto njiti, kazaliwa kabla ya miezi kutimia, wametoka hospitali wiki ya tatu sasa. Mtoto anatakiwa kukaa kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, apate joto. Zuhura halali, chakula hagusi, analia tu. Jirani ameanza kunong'ona kuwa ana mashetani.

Asubuhi nesi alikuja kumtazama. "Huyu hana mashetani, ana usingizi," alisema. "Nani mwingine atambeba mtoto?"

Nikasema mimi.

"Babu, utaweza kukaa bila kutikisika?"

"Mwanangu, mwaka wa pili huu niko kitandani, sina kazi nyingine!"

Wakacheka, hata Zuhura. Wakanifunga mtoto kifuani kwa khanga. Mwepesi kama... sijui nimfananishe na nini. Mimi, mzee wa kulishwa uji, nina kazi!

Zuhura akakamua maziwa ya kumnywesha kwa kikombe, akalala mpaka alasiri. Alipoamka aliomba ugali, akaumaliza.

"Babu, hujachoka?"

Sijachoka. Kesho tena.

Bibi yake, yule niliyemrudisha Ruangwa, naye alijifungua njiti. Niliwaambia wakwe zangu kwamba amepandwa na mashetani. Haikuwa kweli. Aliniomba nimpokee mtoto alale saa moja tu, nami nikaona aibu ya kuonekana na watu nimebeba mtoto, nikakataa.