Kilo Kumi na Moja

Karakana ya Kusubu,
Nyuma ya ghala la saruji.
Jumatatu, tarehe 9.

Shangazi yangu mpendwa,

Anayekuandikia ndiye kichwa kikubwa kuliko vyote katika ukoo huu, hata wewe na cheti chako cha ualimu. Kompyuta zikiniona zinajizima zenyewe. Shule niliiacha kwa kuihurumia.

U hali gani? Goti limepona, au bado unapanda ngazi kama kaa? Sisi miili mizima. Mengine usiulize.

Mwenye mashine ya unga alituletea gurudumu la mbao lililopakwa rangi, tumsubie jingine kama hilo la alumini, yaani tuyeyushe na kumimina kwenye kalibu yenye umbo lake. Likitoka zuri angeagiza mengine ishirini, na karakana ya Baba ingepona.

Baba alitaka tulizamishe kwenye pipa, tupime maji yatakayomwagika. Nikamcheka. "Mzee, hayo ya kale. Nipe mizani!" Kilo tatu na gramu mia sita. Nikagawanya kwa densiti ya mbao ngumu, yaani uzito wake ukilinganishwa na maji: sifuri nukta tisa. Ujazo, lita nne. Alumini ni mbili nukta saba. Zidisha kwa nne. Nikaandika ubaoni: KILO 11. Baba akapima, akayeyusha, akamimina.

Alumini iliisha kalibu haijajaa. Gurudumu likatoka kama mkate ulioliwa na panya. Mwenye mashine, aliyekuwa amesimama pale pale, akabwaga lake la mbao garini. Rangi ikabanduka. Ndani, mbao laini! Sifuri nukta sita, Shangazi. Ujazo lita sita. Zilitakiwa kilo kumi na sita na ushei, yaani kumi na saba ukipandisha.

Tanuri limepoa wiki ya pili sasa. Baba amegawa makoleo yake kwa majirani. Anashinda kwenye benchi.

Nisalimie mumeo, na binamu Kidevu mwambie mbio bado namshinda. Mola akulinde na hilo goti.

Shangazi, hesabu kukosea si kitu. Baba alipotoka kumbembeleza mwenye mashine, nilichukua chaki, nikaongeza kimstari juu ya ile moja ya pili. Ikawa 17. Aliporudi akausoma ubao, akavua miwani. "Kumbe macho yangu yamekwisha, mwanangu. Kazi hii nisiiguse tena."

Nikanyamaza. Mpaka leo nimenyamaza.

Mwanao akupendaye,
Domo