Majani Niliyomwaga Chooni

Jumapili. Mbinga imeamkia ukungu na manyunyu, hata misa sijaenda. Nimejilaza na simu, na nimesoma kitu ambacho natamani nisingekisoma.

Au ningekisoma mapema.

Mwaka jana baba yangu aliugua mkanda wa jeshi, kule kwetu Kihagara, kando ya ziwa. Malengelenge ya ubavuni yalikauka, maumivu yakabaki. Mishipa ya fahamu ilikuwa imeharibika, ikawa inapeleka ubongoni habari za moto usiokuwepo. Shati likimgusa tu, analia. Baba, aliyezika watoto wawili bila kudondosha chozi mbele yetu! Vidonge nilivyompelekea vilimpa kizunguzungu, basi.

Mimi ni nesi. Nilijiona najua.

Siku moja nilishuka kumwona, nikamkuta amekaa nje, amevaa shati, anatabasamu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Siku ya tatu leo nalala."

Nilifurahi mpaka nilipofunua sufuria jikoni. Majani ya bangi, yamechemshwa. Alipewa na jirani. Nilimfokea baba yangu kama mtoto. Nikamwambia ataozea jela, na kwamba analitia aibu kanisa uzeeni. Nikamwaga yote chooni.

Hakubishana. Alisema tu, "Sawa, nesi."

Hakuniita mwanangu.

Aliishi miezi miwili zaidi, kifua wazi hata upepo wa ziwani ulipovuma, halafu nimonia ikamchukua.

Leo nimesoma kwamba kemikali zilizomo kwenye bangi hujishikiza kwenye vipokezi vya mishipa ya fahamu, na ujumbe wa maumivu hupungua nguvu kabla haujafika ubongoni. Wanasema hazimsaidii kila mtu, nafuu yenyewe mara nyingi ni ndogo, na madhara yapo. Sheria nayo iko palepale. Sisemi zingemponya.

Ila alikuwa amelala siku tatu.

Kinachoniuma hasa si yale majani. Ningeweza kukaa naye, nikamuuliza maumivu yakoje, nikampeleka kwa daktari tukatafute njia nyingine. Badala yake niliyamwaga, nikapanda gari kurudi Mbinga, na kazini nikawasimulia wenzangu kwa kujisifu.

Kesho naingia zamu ya asubuhi. Wodini kuna bibi mmoja mwenye ugonjwa uleule, na wenzangu wanasema ni msumbufu.

Nitavuta kiti, nikae. Aseme yeye kwanza.