Choo cha Zaina huko Cibitoke

Mdogo wangu Mwamini,

Amani ikukute hapo Uvira na wanao. Huku Bujumbura bunduki zinasikika milimani, waliokimbia wamejaa mtaani kwetu Cibitoke, vyoo vimefurika. Basi Zaina wangu amebuni choo cha bei ndogo: mkojo una njia yake, kinyesi kinakaushwa kwa majivu hadi kiwe mbolea.

Jana akina mama wa mtaa walikuja kukikagua. Wakikikataa, kazi yake imekwisha. Mmoja akaingia na birika lake kama tulivyozoea sisi Waislamu. Alipotoka, majivu yalikuwa uji.

"Mama, maji apana humu," Zaina akasema.

"We mutoto, mama yako alikufundisha kuchamba na majivu?"

Wakacheka, na mi nipo pale pale.

Mi ningemjibu kwa ukali. Zaina yeye akachukua chaki, akachora sakafuni, pembeni, mahali pa kuchambia, maji yaende kwenye migomba. Yule mama akachuchumaa juu ya mchoro, akasogea, akapima.

"Sawa. Anza kwangu."

Mwamini, mi niliishia darasa la nne, lakini kichwa kile amekitoa kwangu. Ila ule utulivu sijui aliutoa wapi. Nimeuwaza tangu jana.

Nakukumbatia wewe na wanao wote.

Dada yako, Mama Zaina