Bandi Hufumuliwa Mwisho

2 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Huku tu wazima, ila mama anakohoa na kukataa kwamba anakohoa.

Nina siri, na naomba usicheke. Tangu mwaka jana naandika hadithi mtandaoni. Kila Ijumaa, daktari wa meno akienda kula na mimi nikibaki mapokezi, natoa sehemu moja. Nilianza na wasomaji kumi na mmoja, na watatu kati yao walikuwa mwenzangu wa kazini mwenye simu tatu. Sasa wamefika mia nne. Nikichelewa kidogo tu wananiuliza kama bado niko hai.

Ni hadithi ya mshona nguo, nimemwita Fundi tu. Nimeazima miwani yako iliyofungwa uzi na lile gauni jeupe la kabatini kwako. Nakutumia sehemu zote saba. Katika wasomaji wote, wewe ndiye ninayekuogopa.

Binti wa kaka yako

11 Februari

Binti wa kaka,

Marahaba. Mgongo upo, kila asubuhi unanikumbusha kwamba upo. Mwambie mama yako kikohozi hakitibiwi kwa ubishi.

Nimesoma yote, simu nimeiegemeza kwenye cherehani. Nimecheka pale mteja anapobana tumbo wakati wa kupimwa. Wote hubana, halafu gauni likiwabana wanamlaumu fundi.

Lakini sehemu ya tatu umeniaibisha. Umeandika Fundi alipiga bandi, akaifumua, ndipo akapitisha cherehani. Nani alikufundisha hayo? Bandi ni ile mishono mirefu ya mkono ya kushikiza kitambaa kisitembee. Cherehani hupita kwanza, bandi hufumuliwa mwisho. Ukiifumua mapema umebaki na vipande mkononi. Katika watu mia nne hakuna hata mmoja aliyeona? Basi wanakupenda mno, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Hilo gauni nenda nalo taratibu.

Shangazi yako

20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Pole na kazi. Mama amepona, na bado anasema hakuwa anaumwa.

Bandi nimeirekebisha, ingawa waliosoma wameshasoma. Ndiyo taabu ya kuandika kidogo kidogo hivi mbele za watu, kwamba Jumatatu napata wazo zuri la kitu ambacho Ijumaa nimeshakiharibu. Lakini sitaki kuacha. Kuna mama mmoja anamuuguza mumewe hospitali, anamsomea kila Ijumaa. Nikikaa kuandika namfikiria huyo mume amelala anasikiliza, na sithubutu kuandika ovyo.

Daktari alikuwa likizo Ijumaa mbili, kwa hiyo sehemu ya nane nimeitoa jana tu. Bwana harusi anamtoroka Fundi wiki moja kabla ya harusi, kama ilivyokupata wewe, kama baba alivyokuwa akisimulia. Nililia nikiandika. Wasomaji wanataka arudi amepiga magoti na ndoa ifungwe, na nadhani nitawapa. Wewe unaonaje?

Binti wa kaka yako

14 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Wiki tatu hujanijibu. Mama anasema u mzima, una kazi nyingi tu, lakini nakujua.

Nimechukua jambo lililokuumiza nikalitandaza barabarani bila kukuomba ruhusa. Naona aibu. Ijumaa tatu sijatoa kitu. Sema neno moja tu nifute sehemu zote nane. Nitaumia, siwezi kukudanganya, maana ni kitu pekee ninachokifanya bila kutumwa na mtu. Lakini shangazi ninaye mmoja.

Binti wa kaka yako

22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Usifute.

Nilinyamaza kwa sababu sehemu ya nane ni uongo, na uongo huo si wako, ni wa marehemu baba yako. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia bila kumsema vibaya mtu asiyeweza kujibu. Sijaipata, basi nasema hivyo hivyo.

Hakunitoroka. Mimi ndiye niliyemkataa. Wiki moja kabla ya harusi alikuja hapa kibandani, mimi napiga bandi mkono wa kushoto wa lile gauni. Alifuatana na mtu nisiyemjua, ambaye alianza kuipima cherehani yangu kwa shubiri. Nikauliza huyu nani. Akasema ni mnunuzi, kwani mke wake hatazungushia watu futi viunoni. Alisema kwa upole kabisa, kama anayenitua mzigo. Nikamwambia, "Cherehani inabaki. Ondoka wewe."

Kaka yangu aliona heri dada aliyeachwa kuliko dada aliyekataa mume, akawaambia watu nimeachwa. Alitaka kunisitiri, nami nilimpenda, nikanyamaza. Mwaka wa thelathini na moja huu napewa pole na watu wanaoleta suruali zitiwe pindo. Imenichosha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe umekiandika kitanda changu kwa kusimuliwa.

Ukiendelea, usimwozeshe.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mapokezi, na mgonjwa mmoja alidhani nalia kwa ajili ya jino lake.

Sehemu ya tisa imetoka. Juu kabisa nimeandika kwamba ile ya nane ndivyo watu walivyosema, na hii ndivyo ilivyokuwa. Wasomaji sitini wameondoka siku hiyo hiyo. Mmoja ameniandikia kwamba nimemwibia harusi. Yule mama wa hospitali ameandika mstari mmoja tu: "Kaniambia nirudie tena."

Wengine wote waseme watakavyo. Nasubiri neno lako.

Binti wa kaka yako

10 Aprili

Binti wa kaka,

Marahaba. Mgongo leo umenihurumia.

Kwanza gauni. Nimelitoa kabatini, nimelipitisha cherehani, bandi nimeifumua. Mabega yako ni yangu, litakukaa. Uolewe usiolewe, livae.

Sehemu ya tisa nimewasomea wateja hapa kibandani. Walikuwa watatu, na mmoja ni yule wa sare za kwaya, ambaye hajawahi kuondoka hapa bila kunipa pole. Alikuwa amesimama anasubiri kupimwa. Nilipofika pale Fundi anaposema "Ondoka wewe", akaguna.

"Huyo mwandishi naye," akasema. "Mwanamke wa hivyo yuko wapi?"

Nikaweka simu chini, nikachukua futi.

"Ni mimi," nikamwambia. "Inua mikono nikupime."

Shangazi yako,
Fundi