Ufunguo Mmoja wa Stoo

Jumatatu, 3 Machi
Nimekagua stoo ya chama chetu cha kuzikana kabla ya kwenda kufundisha. Maturubai manne, masufuria makubwa sita, viti vyote vipo. Kufuli moja. Ufunguo mmoja, kwenye pochi yangu.

Jioni klabu ya historia. Roma. Baada ya kuwafukuza wafalme, Warumi waliweka wakuu wawili, makonsuli, kwa mwaka mmoja tu. Mmoja akikataa jambo, mwenzake hawezi kulipitisha. Hatari kubwa ikija, mtu mmoja alipewa madaraka yote, lakini si zaidi ya miezi sita. Nikawasimulia ya mkulima aliyeitwa kutoka shambani, akashinda vita, akarudisha madaraka mapema na kwenda kulima. Wanafunzi walicheka. Hawakuamini.

Jumatano, 5 Machi
Neema wa kidato cha tatu kauliza kama waliofuata nao walirudisha. Nikasema hapana. Mwishowe mmoja akapewa madaraka ya maisha, seneti, baraza lao la wazee, ikabaki kuitikia. Akauliza tena, "Sasa madam, nani alikuwa anawakumbusha muda umeisha?" Swali limenikaa.

Mimi nilipewa uenyekiti kwa miezi sita, mwenyekiti wetu alipofariki. Sasa mwaka na ushei. Sijaiba hata kijiko. Ufunguo wa pili nilimnyang'anya katibu, Mzee Ngassa, mbele ya kikao, kwa kuazimisha masufuria kwenye harusi bila kuniambia, kisha nikauharibu. Tangu hapo mambo yamenyooka. Nikifika mahali, watu wananyamaza. Ni heshima hiyo.

Ijumaa, 7 Machi
Safari ya Ukerewe, kwenye sherehe ya kumuaga binti wa dada yangu, anaolewa. Kurudi keshokutwa.

Jumapili, 9 Machi
Nimerudi Buswelu. Baba Kabula amefariki. Jana alfajiri. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta.

Simu yangu ilizimika tangu kwenye kivuko, sikuhangaika kuichaji. Jana mvua ilinyesha mchana kutwa. Waombolezaji walijibana barazani, waliokosa nafasi wakalowa. Wazee walilowa. Ugali ulisongwa kwenye visufuria vya kuazima, haukutosha. Maturubai yalikuwa stoo, makavu. Ufunguo ulikuwa Ukerewe.

Nimemwamkia Mzee Ngassa, nikamuuliza kwa nini hawakuvunja kufuli.
"Tulikuogopa, Mwalimu."
Basi. Mtu wa umri wa baba yangu.

Jumatatu, 10 Machi
Tumezika. Turubai nililisimamisha mimi jana jioni, mvua ilikuwa imeshakata. Mama Kabula hakunilaumu. Angenilaumu ningejitetea. Nina aibu.

Jumapili, 16 Machi
Kikao. Nilijiandaa kusemwa. Badala yake wakapendekeza niendelee, na bila kikomo. Makofi. Waliolowa ndio waliopiga zaidi.

Niandike ukweli: nilitaka kukubali. Nilitaka sana. Nilishaanza hata kupanga maneno ya kushukuru. Kisha nikamwona Mzee Ngassa, anapiga makofi huku anatazama chini.

Nikatoa ufunguo, nikauweka mezani. Nikamwomba radhi mbele ya wote, kama nilivyomwaibisha mbele ya wote. Nikasema viongozi wawe wawili, kila mmoja na ufunguo wake, kwa mwaka mmoja, na iandikwe kwenye katiba. Wakamchagua yeye na Bi. Mageni, muuza samaki. Njiani nimelia. Pochi ilikuwa nyepesi, nikaichukia.

Jumatano, 19 Machi
Nimepalilia mchicha. Nimemwambia Neema swali lake lilikuwa zuri. Sikumweleza kwa nini.

Jumamosi, 29 Machi
Msiba mtaa wa pili. Asubuhi nimesikia stoo ikifunguliwa, masufuria yakigongana. Hakuna aliyekuja kunigongea. Iliniuma kidogo.

Nimejifunga kitenge, nikachukua kisu changu, nikaenda. Turubai limeshasimama. Wanawake walikuwa mkekani wanamenya ndizi, wanamsema Bi. Mageni kwa sauti yake kubwa. Mama Kabula akanisogezea nafasi.

Nimekaa. Hawakunyamaza.