Mishumaa ya Chiriku

Jumapili, 1 Septemba

Chiriku amepiga. Dakika nne na sekunde kumi na mbili — nimeziangalia kwenye simu alipokata. Mtoto tuliyempa jina hilo kwa sababu alikuwa hafungi mdomo hata akiwa na tonge, leo anaongea kama mtu anayepimiwa maneno kwa kijiko.

Nimemuuliza kazi inaendaje. Akasema wiki ilikuwa mbaya, bei zimeshuka, ila zimeshikilia kwenye sakafu. Nikasema eh, vizuri. Kisha nikauliza, sakafu ipi? Akacheka kidogo. Akasema mambo marefu hayo, Mama, usijichoshe.

Hakusema kwa ubaya. Najua. Lakini neno lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Miaka sita sasa tangu aende ng'ambo. Anafanya kazi kwenye kampuni kubwa ya kununua na kuuza hisa. Baba yake alishatangulia. Tumebaki wawili, yeye na mimi, na simu kila baada ya wiki mbili. Mimi namwelezea bomba la jikoni. Yeye ananielezea sakafu. Hatukutani popote.

Maktaba wamebandika tangazo: somo la hisa kwa wanaoanza, kila Jumamosi asubuhi, bure. Nilishalipita mara tatu. Mara ya nne nimeandika jina.

Jumamosi, 7 Septemba

Tulikuwa kumi na mmoja. Chumba cha juu, viti vya plastiki, ubao mweupe usiofutika vizuri — nyuma ya hisa kulikuwa na somo la mtu mwingine la ushonaji.

Mwalimu ni dalali wa hisa. Mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Amesema hisa ni kipande cha kampuni. Ukiwa nayo, wewe ni mmoja wa wenye mali, hata kama kipande chako ni kama ukucha. Kinyozi aliyekaa karibu nami akanyoosha mkono: nikinunua hisa ya kampuni ya soda, nitakunywa bure? Tulicheka. Dalali hakucheka. Akasema hapana, lakini wakipata faida wanaweza kukugawia, na hilo huitwa gawio.

Halafu bei mbili. Kuna bei anayoitaka mnunuzi na kuna bei anayoitaka muuzaji, na katikati pana nafasi. Nafasi ikiwa pana, hakuna biashara. Kila mmoja amekaa na lake.

Hilo halikuhitaji ubao. Mimi nataka saa nzima, Chiriku ana dakika nne.

Jumatano, 11 Septemba

Foleni ndefu leo kwenye chumba chetu cha eksirei. Vifua, magoti, mzee aliyeanguka bafuni. Mama mmoja na mwanawe wa miaka mitano, mkono umevimba. Picha ilipotoka niliuona ufa, mweupe, waziwazi. Mama akanitazama usoni — umevunjika? Nikasema daktari atakwambia. Ndiyo sheria yetu, sisi wapiga picha. Tunaona kwanza, tunasema mwisho. Au hatusemi.

Wakati wa chai nilijaribu kuchora nyuma ya bahasha vitu alivyotutajia dalali kwa ajili ya Jumamosi. Muuguzi akachungulia, akauliza kama nachora sindano.

Jumamosi, 14 Septemba

Mishumaa! Sasa nimeelewa. Kila siku ya soko ina mshumaa wake kwenye chati. Mwili wake ni kutoka bei ya kufungulia mpaka bei ya kufungia. Bei ikimaliza juu, wa kijani. Ikimaliza chini, mwekundu. Utambi unaochomoza juu na chini ni pale bei ilipofika kutwa ikashindwa kukaa. Darasa zima tumeanza kumwita dalali Bwana Mshumaa. Nadhani anajua.

Na sakafu ni hii: mahali ambapo bei ikishuka huwa inagota, inarudi juu, kwa sababu hapo wanunuzi wanaiona rahisi. Dari ni kinyume chake. Kumbe! Wiki mbili nilikuwa nawaza saruji.

Soko likipanda muda mrefu, ni soko la fahali, kwa kuwa fahali hurusha pembe juu. Likishuka, la dubu, kwa kuwa dubu hupiga kucha kuelekea chini. Kinyozi akasema dubu hajawahi kumwona, lakini kucha zake anazijua — mwaka juzi alinunua kwa kusikia uvumi kijiweni, akachunwa.

Tumepewa kazi. Kila mtu achague kampuni moja, aifuate kila siku kwenye simu. Kutazama tu, kununua marufuku. Kinyozi kachagua kampuni ya viatu. Mimi nimechagua ya mwanangu. Hisa zake zinauzwa kwenye soko la kulekule aliko. Nimeandika jina lake kama ninayemfuatilia mtu kwa nyuma.

Jumapili, 15 Septemba

Dakika thelathini na moja!!

Niliacha aseme habari zake mbili tatu. Kisha nikatumbukiza: "Mshumaa wenu wa Ijumaa ulikuwa mwekundu, lakini utambi ulikuwa mrefu chini. Naona wanunuzi walirudi jioni."

Nikadhani imekatika.

"Mama. Umesemaje?"

Nikarudia. Akaangua kicheko — kile kile! Kile cha kujishika tumbo, cha kwenye mlango wa jikoni. Akauliza nani kanifundisha. Nikamwambia habari za Bwana Mshumaa, soda ya bure, dubu. Akanieleza mstari wa wastani: unachukua bei za siku nyingi, unazijumlisha, unazigawanya kwa idadi ya siku, unapata mstari mtulivu unaokuonyesha soko linaelekea wapi bila kelele za kila siku. Alieleza haraka haraka, maneno yanakanyagana, kama alipokuwa darasa la tatu akirudi na hadithi. Sikushika nusu. Sikutaka amalize.

Nikauliza, na wewe uliionaje hiyo Ijumaa? Akasema siku hizi chati za kwao hazitazami sana. Nikasema ndivyo, mpishi naye hashibi kwa harufu? Akacheka tena, kidogo.

"Haya, fahali wangu," akaniambia. "Endelea kutazama, uniambie."

Nilitaka kumuuliza anakuja lini. Nilikuwa nalo neno mdomoni. Nikaona nitaharibu.

Jumatano, 18 Septemba

Nimenunua daftari la miraba. Nachora mshumaa mmoja kila siku, kwa penseli ya rangi. Soko lao hufunguliwa hapa ikiwa saa nne, mimi niko kwenye chai. Naona bei inaanza kutembea, nasema: sasa ameketi. Sasa kavua koti. Likifungwa nasema: sasa anatoka, natumaini amevaa kitu kizito.

Leo wa kijani, mfupi. Kama nimemwona akipita ng'ambo ya barabara.

Jumamosi, 21 Septemba

Somo la leo: ujazo. Vile vijiti vilivyopangana chini ya chati — ni hisa ngapi zimebadilisha mikono siku hiyo. Bwana Mshumaa anasema bei ikianguka na vijiti ni vifupi, usikimbilie kulia. Ikianguka na kijiti ni kirefu, ujue wengi wanauza kwa pamoja, na huenda kuna jambo wanalolijua.

Akaongeza kitu, nimekiandika kama alivyosema: chati inakuonyesha kilichotokea, haikwambii kilimpata nani.

Kinyozi akanong'ona kwamba huyu angefaa kuwa mhubiri.

Jumanne, 24 Septemba

Saa nne, chai, nikafungua simu. Mshumaa wa leo haukuanzia pale wa jana ulipoishia. Umeanzia chini kabisa, na katikati patupu — pengo. Sakafu ya miezi mitatu imevunjika kama si kitu. Na kijiti cha ujazo! Kirefu mara tano ya vya siku zilizopita. Nilikitazama kama ninavyotazama picha ya mfupa. Hakuna haja ya mtu kukwambia.

Mchana sikula. Nilikwenda ofisini kwa Bwana Mshumaa, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Akavaa miwani, akasoma kwenye kompyuta. Jana jioni, baada ya soko kufungwa, kampuni imetangaza kupunguza wafanyakazi. Idara mbili zinafungwa kabisa. Akazitaja. Ya pili ni ya Chiriku.

Akaniuliza, kwa upole, nilinunua hisa ngapi.

"Sijanunua. Binti yangu yumo humo."

Akavua miwani. Akazima kile kioo, kama mtu anayefunika maiti uso. Akanisogezea kiti.

Jumatano, 25 Septemba

Nimemwandikia: hujambo mwanangu? Jibu likaja baada ya saa tatu. Sijambo Mama, kazi nyingi tu, tutaongea Jumapili.

Kazi nyingi tu.

Alipokuwa na miaka minane aliangukia mkono akicheza, akaficha siku mbili kwa sababu nilikuwa na zamu mfululizo na hakutaka kunisumbua. Akaletwa hospitali na jirani. Nikampiga picha mimi mwenyewe. Nikauona mfupa ulivyokatika. Akaniuliza, "Mama, umevunjika?"

Na mimi nikamwambia daktari atasema.

Mtoto wangu wa kuzaa! Ulimi ulishazoea. Sasa nashangaa nini kwamba haniambii?

Ijumaa, 27 Septemba

Bei imepanda. Mshumaa wa kijani, mrefu kuliko yote kwenye daftari. Nimesoma kwamba wenye hisa wamefurahi. Watu wakipungua, gharama zinapungua, faida inaonekana mbele. Ndivyo soko linavyofikiri.

Penseli ya kijani niliishika. Sikuuchora. Mraba wa leo mtupu.

Jumamosi, 28 Septemba

Somo la mwisho. Walileta biskuti. Bwana Mshumaa alifundisha kikomo cha hasara: kabla hujanunua, unaamua bei ambayo ikifikiwa utauza tu, hata kama roho inauma, ili usizame nayo. Kinyozi akasema angefundishwa hilo mwaka juzi, leo angekuwa na viti vitatu pale kinyozini badala ya kimoja na kigoda.

Wakati wa kutoka kinyozi akaniuliza mbona leo nimenyamaza. Nikamweleza, pale ngazini, yote. Mtu nisiyemjua hata mwezi.

"Mpigie," akasema.

"Kesho ndiyo siku yake. Nangoja aniambie mwenyewe."

"Mama, wewe unamngoja aseme. Yeye anangoja umuulize. Mtangojana mpaka mvi zenu mniletee mimi nizinyoe."

Nikacheka na machozi yakatoka, vyote pamoja, na watu wanapita.

Jumapili, 29 Septemba

Ameanza yeye, saa mbili asubuhi. Sauti nyororo mno, imechongwa. Baridi imeanza. Amenunua soksi. Nami hapa vipi, bomba limetengenezwa? Nikajibu yote. Kisha akauliza, kwa mchezo, "Haya, fahali wangu, wiki hii umeona nini?"

Nikakaa chini.

"Nimeona pengo Jumanne," nikasema. "Nimeona ujazo. Nimesoma na tangazo. Mwanangu, idara yenu imefungwa. Sisemi daktari atakwambia. Nakwambia mimi, nimeona."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Si Jumanne, Mama."

"Si Jumanne vipi?"

"Mimi walinitoa mwezi wa nne. Kundi la kwanza. Hawakutangaza."

Mwezi wa nne. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto. Sakafu aliyoniambia, aliisoma magazetini tu. Ijumaa ile ya utambi mrefu, hakuwa ameketi wala kuvua koti. Mishumaa yote ile saba nimeichorea nyumba ambayo hayumo.

Nikamuuliza anafanya nini sasa. Anafua mashuka ya hoteli, zamu ya mchana. Mashine kubwa, mvuke, anasimama kwa saa nane. Ile siku nilipomtajia utambi alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha mashine, na vidole vimekunjamana kwa maji. "Ndiyo maana nilicheka vile," akasema. "Nilikuwa sijacheka tangu lini sijui. Sikutaka uache kujifunza."

"Na mimi nilijifunza ili nikupate wewe!"

"Najua, Mama. Ndiyo maana sikuweza kusema."

Nikamwambia arudi. Limetoka lenyewe, miaka sita nimelimeza.

"Nirudi na nini?"

"Na mikono yako. Hata ikiwa imekunjamana."

Akasema ngoja, ngoja kidogo Mama, usikate. Akaiweka simu mahali.

Hajakata. Dakika ya arobaini na saba. Nimeiweka mezani, sauti nimeifungua yote, naandika ili mkono uwe na kazi. Nasikia maji ya bomba. Kikombe. Mlango wa kabati unafunguliwa, au ni sanduku? Hatua zake, zinaenda, zinarudi. Chumba chake sijawahi kukiona. Sasa najua kina hatua sita kutoka bombani mpaka dirishani. Anapenga kamasi. Anasema kitu peke yake, sijakishika.

Anarudi. Sauti iko karibu kabisa na simu.

"Mama? Upo?"

Nipo, nimesema. Nipo mwanangu, sema —