Tundu kwenye Boti ya Herman

Jumatatu, 28 Julai 2025

Herman amenipeleka kuiona boti yake. Kutoka Mikumi hadi Kilosa aliendesha polepole kwa ajili ya mgongo wangu. Mtoto mwema, nikawaza njia nzima. Tulipokaribia mto niligeuza uso. Pale nyumba yangu ilipokuwa sasa pana mahindi ya mtu, marefu na mazuri. Tangu mwaka ule mto huo wa Mkondoa ulipoingia ndani ukatoka na kuta zetu, mimi ni mgeni wa watu. Kwanza hema, kisha chumba cha kanisa, sasa chumba cha nyuma kwa Herman. Kitanda kizuri. Taa ya kusomea nzuri. Silalamiki.

Boti iko bwawani, upande wa Msowero. Nyeupe, ndogo, ina chumba chini chenye vitanda vitatu na jiko la gesi la plate mbili. Wageni wakishawatazama tembo na twiga wa Mikumi, watakuja kulala juu ya maji. Wazo zuri, nimemwambia hivyo. Binti yake Debora atawapikia na kulala humohumo, kitanda cha chini kabisa, karibu na jiko.

Sasa — mtungi wa gesi nimeukuta chini ya sakafu! Hapo hauonekani, asema Herman, halafu unaipa boti uzito isiyumbe. Nikamwambia kaa chini. Nikamweleza kama nilivyowaeleza wasichana wa sayansi kimu miaka yangu yote ya kufundisha: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja unafungua mlango, inatambaa na kutoka. Boti haina mlango chini. Boti ni bakuli. Gesi itashuka, itajaa kimya chini ya kitanda cha mwanao, itangoja kiberiti. Mtungi ukae juu, nje, ndani ya sanduku lisilo na upenyo wa kuingia chumbani. Na chini ya sanduku litobolewe tundu la kutokea ubavuni mwa boti, juu ya usawa wa maji. Ikivuja imwagike nje.

— Tundu, Mama? Kwenye boti?

Kisio, anayelinda na kuiendesha boti, alicheka mpaka akashika nguzo. Alisema yeye kaajiriwa kuziba matundu, hakuambiwa kutoboa. Kwao ni Tindiga, kakulia nyuma ya ng'ombe. Debora akamtania: huyu simba hamwogopi, ila akienda kuoga anavaa jaketi la kuokolea. Kisio akajibu kwamba ng'ombe wake wote wanajua kuogelea na hakuna hata mmoja aliyemfundisha, wachoyo wale.

Mwisho Herman akasema sawa Mama, litatobolewa. Nilimlea tangu alipotoka kwao Mamboya kuja kuanza kidato cha kwanza. Neno lake linanitosha.

Alhamisi, 31 Julai

Herman kapiga simu akiwa bwawani. Sanduku limejengwa, mtungi umehamia juu, tundu lipo. Na jambo jingine — ubavuni wameandika jina la boti. MAMA TUMWAGILE. Nikamwambia aache upuuzi, afute. Nilipokata simu nilikaa kitandani nikitabasamu peke yangu kama mwanamwali. Aibu! Jina langu halijaandikwa popote tangu ubao wa zamu wa shule.

Jumamosi, 2 Agosti

Leo Yared alikuja kuikagua boti. Ana kambi ya mahema Mikumi. Wageni wa kwanza watatoka kwake, na bila yeye Herman hana biashara. Zamani alikuwa mwanafunzi wangu, mvulana pekee aliyeomba kujifunza mapishi.

— Shikamoo, Mwalimu!

— Marahaba, Yared. Bado unaunguza uji?

Akacheka, kitambi kikatikisika. Kisha akawa mtu wa kazi. Kaambiwa gesi kwenye boti si ya kuchezea. Wageni ni wake, wakidhurika jina ni lake. Je, ni salama? Hakumwuliza Herman. Aliniuliza mimi.

Nilikuwa nimesimama gatini. Nikalitazama sanduku, kisha ubavu wa boti chini yake. Doa jeusi la mviringo, kama kizibo cha chupa. Macho yangu yana ukungu lakini doa niliona. Nikamwambia Yared: nimewaelekeza tundu, na tundu lile pale. Petroli ya injini pia wameambiwa wajaze jiko likiwa limezimwa, na dumu libaki nchi kavu.

— Kama Mwalimu kaona, mimi nani?

Yared na Herman wakapeana mikono. Wageni watakuja Nane Nane. Herman alinishika mkono kunivusha kwenye ubao, akanishukuru mara nyingi kupita kiasi. Hakunitazama usoni. Nilidhani ni jua.

Jumatano, 6 Agosti

Siwezi kuandika vizuri. Nitaandika hivyohivyo.

Herman alikwenda Morogoro kununua magodoro. Nikamwomba Debora tuende bwawani tupime maungio ya mpira wa gesi kabla ya wageni. Tukapaka povu la sabuni. Kwenye regyuleta, pale mpira unapoanzia mtungini, safi. Kwenye jiko, kiputo kikavimba, kikapasuka, kikaja kingine. Nikamwonyesha namna ya kukaza kibanio cha mpira, tukapaka tena, kimya. Niliridhika. Nikasema sasa tumalizie na sanduku: mimina maji humu ndani. Pale yatakapopita maji, gesi nayo itapita.

Debora akasema haina haja, Bibi. Akasema jua kali, twende. Nikachukua kopo mwenyewe.

Nikamimina. Nikatega sikio nisikie maji yakidondoka bwawani. Hakuna. Nikamimina tena. Yakakaa kama kwenye beseni. Halafu taratibu yakaanza kupungua — nikafurahi! — na ndipo nikasikia yanadondoka. Si nje. Ndani. Tukashuka. Yalikuwa yakichuruzika pale mpira wa gesi unapoingilia chumbani. Fundi kapitisha mpira kwenye upenyo mpana, chini kabisa ya sanduku, wala hakuuziba. Maji yakatambaa ukutani, yakaingia chini ya kitanda. Kitanda cha Debora.

Nikatoka, nikainama ubavuni, nikapeleka kidole kwenye tundu. Kidole kikagonga. Pagumu. Nikajaribu kando, nikidhani nimekosea. Kisio alikuwa amekaa karibu anatazama maji.

— Koko, akaniita, kama watu wa kwao wanavyowaita bibi zao, hiyo ni rangi.

Tundu la rangi. Wamechora! Kwa brashi ileile iliyoandika jina langu. Nikamwuliza Kisio kwa nini hakusema. Akajibu alifikiri nimeshajua, maana siku ile nilimwambia Yared nimeliona.

Debora alikuwa analia. Nikamwuliza ulijua? Akatikisa kichwa kukubali. Yeye ndiye aliyeshika kopo la rangi. Baba alisema Bibi akishaliona atatulia. Nikamwuliza tena: unajua maana ya yale maji chini ya kitanda chako? Akasema anajua, nimeshamfundisha. Akasema, Bibi, baba ni baba.



Alhamisi, 7 Agosti

Nimemngoja Herman amalize kunywa chai. Kisha nikamwambia, nimemimina maji kwenye sanduku.

Hakukana. Hilo namshukuru. Alisema fundi aligoma: hatoboi boti aliyoijenga kwa mikono yake, kama ni tundu atafutwe mwendawazimu mwingine. Alisema mgeni akiona tundu ubavuni haulizi ni la nini, anashuka. Alisema mtungi wenyewe mdogo, watu wanapikia gesi vyumbani mwao kila siku na hawajafa. Alisema nilipaka ili wewe ulale vizuri, Mama.

Ili mimi nilale vizuri!

Nikamwambia Debora ndiye atakayelala pale. Akasema wageni wakiondoka tu atatoboa mwenyewe. Nikamwambia atoboe leo. Akasema leo hakuna fundi, kesho sikukuu, na Yared akisikia, boti imekwisha kabla haijaanza. Akapiga magoti. Mwanamume wa miaka hamsini kasoro, kapiga magoti mbele yangu na kusema Mama, usinimalize.

Ningeweza kuvumilia uongo. Watoto hudanganya, na Herman ni mtoto wangu hata kama sikumzaa. Lakini mwezi uliopita ni yeye aliyenipeleka kwa daktari wa macho. Alikaa nami chumbani. Alimsikia daktari akieleza: mama anaona umbo, anaona rangi, haoni kina. Alitikisa kichwa kwa huzuni, akanishika bega. Kisha akaenda akachora kitu chenye umbo na rangi, kisicho na kina. Alipima macho yangu kama fundi nguo anavyompima mteja.

Na Yared nikamwambia nimeona. Ulinzi wote wa wale wageni ni neno langu, na neno langu ni doa la rangi.

Nimempigia Yared. Hapatikani, yuko hifadhini na hao wageni. Nimemwandikia ujumbe. Tiki moja tu mpaka sasa. Herman kakaa sebuleni na runinga imezimwa. Mlango wangu nimeufunga. Sijawahi kuufunga nikiwa katika nyumba hii.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Naandika nikiwa botini, juu ya sanduku la mtungi. Nimelikalia. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Asubuhi nilipanda Noah ya kwanza hadi Kilosa, kisha bodaboda. Umri huu! Kijana wa bodaboda aliniuliza naenda msibani? Nikasema bado. Kisio alinipandisha bila swali. Nimefunga mtungi, regyuleta nimeitoa, imo kwenye mkoba wangu chini ya kanga. Herman alipofika alinikuta hivi. Akaomba regyuleta kwa sauti ya chini. Nikakataa. Akasema anayo nyingine kwenye gari. Kweli anayo, kaishika mkononi sasa. Hawezi kuifunga bila kuninyanyua, na kuninyanyua mbele za watu hawezi. Bado.

Wageni wamekuja. Mume na mke, si vijana, wana kofia zinazofanana. Dereva wa kambi kawaleta. Yared mwenyewe hayupo. Wakaniamkia "shikamoo" waliyofundishwa, nikaitikia marahaba. Yule mama akauliza kwa Kiingereza mimi ni nani. Herman akatabasamu. Akawaambia ni mila yetu: boti ikianza safari, bibi wa ukoo hukaa juu yake kuibariki.

Mila yetu! Wakaunganisha mikono kwa heshima. Yule bwana akanipiga picha.

Herman kasahau kuwa Kiingereza hicho alijifunzia mezani kwangu. Nikawaambia wageni, polepole, kila neno mahali pake: sibariki kitu. Chini yangu kuna gesi, haina pa kutokea isipokuwa chumba mtakacholala. Tundu mnaloliona ubavuni ni la kuchora. Guseni.

Hakuna aliyegusa. Yule bwana akamtazama Herman. Herman akacheka kidogo, kicheko cha kuomba radhi, akasema mama yetu amezeeka, macho yake ni mabovu, anachanganya mambo. Aliyasema kwa upole kabisa. Kama asingekuwa ananisema mimi, ningemwamini.

Wakanionea huruma. Niliiona, hiyo haihitaji macho mazuri.

Kisio kashuka gatini, kavaa jaketi lake la kuokolea, na injini hajaiwasha. Herman kamwamuru awashe. Anasema anatafuta ufunguo. Ufunguo uko shingoni mwake.

Debora kafika sasa hivi kutoka kwenye gari, kabeba kikapu cha viazi na nyanya. Kasimama mwisho wa ubao, mguu mmoja botini. Yule mama mgeni kamgeukia. Sauti yake si ya mtalii tena, ni ya mzazi. Anamwuliza: wewe ndiye unayepika na kulala humu. Ni kweli anachosema bibi?

Herman kamwambia kwa Kiswahili, haraka, waambie hapana, mwanangu, waambie hapana.

Debora ananitazama. Kisha anamtazama baba yake. Mguu wake kaurudisha gatini. Kikapu kakitua chini.